Mguu wa Kushoto wa Shangazi Orpha

Jumamosi ile saluni ya Charlene pale njia panda ilijaa wanawake wa kanisa. Walikaa safu nzima, viatu wamevua, miguu wameiloweka kwenye maji ya povu, visigino vinasuguliwa, kucha zinakatwa, na huku maneno yanaendelea. Delphia Ratliff aliwaona kupitia kioo alipokuwa akienda kununua unga, akapunguza mwendo. Kesho yake ilikuwa siku ya kutawadhana miguu, siku moja katika mwaka ambayo Wabaptisti wa lile bonde la Kentucky hupigiana magoti na beseni, kama Bwana alivyowafanyia wanafunzi wake. Na kila mwaka, siku moja kabla, usingepata mguu mchafu bonde zima. Watu walikwenda kuoshwa wakiwa wameshajiosha, tena wamejipaka na mafuta ya waridi.

Glenna Slone alimwona, akagonga kioo na kumwita kwa mkono. Mlango ulikuwa wazi.

"Njoo, dada, kiti kipo. Au kesho unataka kumletea mtu magaga yako?"

Wakacheka wote. Delphia naye akacheka, maana ungefanyaje, akaenda zake. Jioni alikaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba akasugua visigino vyake kwa jiwe mpaka vikawa vyekundu na kuwasha, huku akijitukana kimoyomoyo kwamba naye ni walewale tu.

Huyo Glenna ndiye aliyekuwa akiishi na mama mkwe wake, Orpha Slone, ambaye bonde zima lilimwita Shangazi hata kama hakuna damu. Shangazi Orpha alikuwa na sukari ya miaka mingi. Tangu Pasaka hakuonekana kanisani. Ukimuuliza Glenna anakwambia mama anapumzika, tunamshukuru Mungu. Delphia alipeleka keki mara mbili, na mara zote mbili Glenna aliipokea mlangoni, akashukuru palepale kizingitini huku ameziba nafasi kwa mwili wake. Mara ya pili harufu ilitoka nyuma yake, nzito, tamu kidogo, ya kitu kilichokufa.

"Panya amefia chini ya sakafu," Glenna alisema kabla hajaulizwa.

Delphia alikubali kuwa ni panya. Panya ni rahisi. Ukishakubali panya unarudi nyumbani kwako unakunywa kahawa.

Jumapili asubuhi Shangazi Orpha aliletwa. Kwa nini waliamua kumleta hakuna aliyejua, labda yeye mwenyewe alikataa kubaki. Mwanawe alimshika mkono mpaka benchi la mwisho upande wa wanawake, akamwacha, akaenda kukaa na wanaume. Walikuwa wamemmwagia poda na manukato mpaka shingo imekuwa nyeupe, lakini manukato yale hayakuficha kitu, yalikwenda kujichanganya nacho tu. Wanawake wawili waliokuwa benchi lile wakakumbuka ghafla kwamba wanaona joto, wakahamia karibu na dirisha. Pepeo za karatasi zikaanza kupunga.

Mzee Garland, mchungaji wao, alihubiri unyenyekevu. Alihubiri vizuri, akatokwa na jasho na machozi. Baada ya kugawa mkate na divai ya ushirika akatupa mstari wa kwanza wa wimbo, watu wakaupokea na kuuvuta polepole kwa ile sauti ya milimani isiyotaka kinanda, na mabeseni yakaletwa.

Katika kanisa lile hupangiwi wa kumwosha. Unafunga taulo kiunoni, unachukua beseni, unamwendea yule ambaye moyo wako unamtaka. Ukimaliza kumwosha, yeye anafunga taulo lile lile na kukuosha wewe, katika beseni lile lile na maji yale yale. Maji hayabadilishwi mpaka wawili wamalize. Halafu mnakumbatiana.

Mke wa Mzee Garland alikuwa na foleni. Kila mwaka huwa na foleni. Glenna alimfikia wa kwanza, akamwosha miguu yake iliyonona, akalia kwa sauti, akamkumbatia, akalia tena. Delphia alimtazama yule mwanamke akilia juu ya mguu uliopakwa rangi ya kucha jana yake. Akatazama benchi la mwisho.

Shangazi Orpha alikuwa ameinama. Alikuwa akipigana na kamba ya kiatu. Vidole havikumsikiliza, lakini hakuacha. Glenna alikuwa ameshawanong'oneza watu kwamba mama hatashiriki mwaka huu, miguu inamuuma, na wote walishukuru kuambiwa hivyo. Sasa walimwona anavua kiatu na kila mmoja akatafuta pa kuweka macho. Mwingine dari, mwingine kitabu cha nyimbo. Mwanamke ambaye Shangazi Orpha ndiye aliyemzalisha watoto wake wote watatu alikuwa akichunguza kifungo cha gauni lake. Bibi kizee akavua kiatu cha kulia, akaweka mguu chini, akanyoosha mgongo, akasubiri kama mtu anayesubiri kuhudumiwa dukani. Alichotaka ni mmoja tu aje. Nyimbo mbili zikapita.

Si upendo uliomwinua Delphia. Ilikuwa hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na kutaka wale wengine waone. Alifunga taulo, akachukua beseni, akapita katikati, akapiga magoti mbele ya benchi la mwisho.

"Umechelewa," Shangazi Orpha alimwambia.

Mguu wa kulia haukuwa na neno, mguu wa kizee tu, mishipa na mifupa. Wa kushoto haukuwa na kiatu, ulivishwa soksi mbili, na kati ya soksi na soksi kulikuwa na mfuko wa plastiki wa mkate, umefungwa kwa utepe juu ya kifundo ili yatokayo yasimwagike. Delphia alipofungua utepe ile harufu ilitoka kama mbwa aliyefungiwa. Soksi ya ndani ilikuwa imeshikana na nyama. Ikabidi auingize mguu majini na soksi yake, aisubiri ilegee, aivute kidogo kidogo. Ilitoka na vitu. Vidole viwili vilikuwa vyeusi kabisa, vikavu kama vipande vya makaa ya mawe. Chini ya unyayo palikuwa na shimo ambalo kidole gumba kingeingia, na ndani ya lile shimo kulikuwa na kitu kinachotembea. Delphia akatazama vizuri. Funza.

Mate yalimjaa mdomoni. Akafunga pua kwa ndani, akapumua kwa mdomo, akaendelea kumwaga maji kwa kiganja.

Glenna alifika na machozi yake ya unyenyekevu bado hayajakauka.

"Delphia, acha. Hapa si hospitali."

Delphia akamwaga kiganja kingine cha maji. Upande wa wanaume mtu alianzisha wimbo mwingine na wote wakaudaka kwa nguvu mara mbili ya kawaida, wakaimba kama watu wanaotaka kufunika kelele, ingawa kelele haikuwepo. Mzee Garland akaja taratibu, ameinamisha kichwa, sauti ya chini. Alisema ingekuwa vyema jambo hili lifanyike chumba cha nyuma, kwa heshima ya mama.

"Heshima ya mama gani, Mzee?" Delphia aliuliza. "Huyu hapa hajalalamika."

"Garland," Shangazi Orpha akasema, "rudi ukaimbe."

Akarudi.

Delphia alimaliza, akaukausha mguu kwa kuubonyeza tu, maana kufuta usingeweza. Kisha akakumbuka kwamba haijaisha. Shangazi Orpha alikuwa ameshanyoosha mkono kuomba taulo. Akajifunga kiunoni, akashika ukingo wa benchi, akashuka goti moja, na la pili, uso umekunjamana kwa maumivu, akalivuta beseni kwake.

Delphia aliketi akayatazama maji. Yalikuwa na rangi ya chai iliyolala. Nyuzi za soksi zilielea, na ngozi, na vingine ambavyo hakutaka kuvipa jina. Visigino vyake mwenyewe vilikuwa vimechubuka kwa jiwe la jana.

"Jamani, badilisheni maji," Glenna alisema, na sauti tano zikamuunga mkono, kwa mara ya kwanza siku ile zote zimejaa huruma.

Kubadilisha kungekuwa rahisi. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Shangazi Orpha hakuwatazama wale wenye sauti, alimtazama yeye, mkono mmoja uko wazi juu ya beseni ukisubiri kupokea mguu. Maji yakibadilishwa, bibi huyu atakuwa ameoshwa kama sufuria inavyooshwa, basi. Delphia akaingiza miguu yote miwili.

Kanisani wamezoea kushuhudia kwamba saa ile amani hushuka. Haikushuka. Yalikuwa maji vuguvugu yanayonuka, na kitu laini kilimgusa kati ya vidole, na ngozi ya mwili wake wote ikataka kumkimbia. Shangazi Orpha alimwosha bila haraka, kidole baada ya kidole, kwa makini ya mtu anayeosha vyombo vya mgeni. Alipomaliza, Delphia akamsaidia kuinuka, na wakakumbatiana kama desturi.

"Unapumua kwa mdomo," bibi alimwambia sikioni.

"Ndiyo, Shangazi."

"Hata mimi. Tangu Pasaka."

Baada ya ibada chakula kilipangwa nje kwenye meza ndefu. Kuku wa kukaanga, maharagwe mabichi yaliyopikwa na mafuta ya nguruwe, mkate wa mahindi, pai za kila namna. Delphia alinawa mikono kwa sabuni mara tatu huku wakimwona. Sufuria yake ya kuku na madonge ya unga, ambayo mwaka jana watu waliigombania mpaka mchuzi, ilikaa katikati ya meza na hakuna kijiko kilichoigusa. Waliizunguka kama inavyozungukwa mavi ya ng'ombe njiani. Na aliipika Jumamosi.

Glenna alimfuata pale. Alimwambia amemwaibisha mbele ya kanisa zima. Alisema kama kweli alikuwa na upendo angekuja nyumbani kimya kimya, si kujionyesha. Neno lile lilikuwa la kweli, na lilitoka mdomo uleule uliosema panya.

"Daktari amemwona lini?" Delphia aliuliza.

Glenna akasema daktari atakata, hiyo ndiyo kazi yao, na mama mwenyewe alikataa kukatwa. Wao wamesimama katika imani. Mzee Garland alikuja akamwombea na kumpaka mafuta.

"Alimpaka wapi?"

"Kwenye paji la uso. Apakwe wapi tena?"

"Mguu hakuuona?"

"Hakukuwa na haja ya kuuona."

Delphia aliweka sahani chini. Alisema anampeleka hospitali sasa hivi, na anayetaka kumzuia asimame mbele ya gari. Glenna akacheka kwa hasira, akamwambia muulize mwenyewe basi kama anataka. Shangazi Orpha alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja hatua chache tu kutoka hapo, mguu umefungwa kwa taulo la kutawadhia.

"Nilikataa wakati wa theluji," alisema, "ilipokuwa kidole kimoja. Tangu hapo hamjaniuliza. Mnaniuliza kama nataka supu." Akageukia meza. "Delphia, nipe madonge yako kwanza. Hospitali watanishindisha njaa."

Akapakuliwa sahani ya kujaa. Akala pale mbele ya watu wote, polepole, akalamba kijiko, akaomba tena. Hakuna aliyeketi karibu naye. Mwanawe alisimama chini ya mti na kofia mkononi, mtu mzima wa miaka hamsini, akitazama viatu vyake. Delphia alimpita akiwa amemshika mama yake kwapani, akamwambia afungue mlango wa gari. Akaufungua. Hakupanda.

Mzee Garland aliwawahi kabla gari halijaondoka. Aliweka mkono kwenye dirisha akasema asingependa waende bila maombi, akafumba macho, akaanza tangu uumbaji wa dunia.

"Omba tu, Garland," Shangazi Orpha akamwambia. "Sisi tunakwenda."

Delphia alitoa breki. Mkono wa mchungaji ulisafiri nao kidogo, kisha ukaachia.

Walishusha vioo vyote na bado harufu ilikaa nao kama abiria wa tatu. Delphia alikuwa akisikia nyayo zake zikinata ndani ya viatu. Alimwona tena Glenna akilia juu ya mguu uliopakwa rangi, akawaona wakiizunguka sufuria, akajiona mwenyewe ngazini na jiwe lake, na katika wote hakuona hata mmoja wa kumpa nafuu. Kwenye kona ya pili alisimamisha gari kando ya barabara, akafungua mlango, akatapika. Alitapika kahawa, akatapika mkate na divai ya ushirika, akaendelea kujikamua hata kulipokuwa hakuna kitu tena, ameshika mlango kwa mkono mmoja.

Shangazi Orpha alikuwa anatazama mbele, mikono juu ya mapaja. Hakumpapasa mgongo wala hakumpa pole.

"Umemaliza?" aliuliza.

Delphia alifuta mdomo kwa mkono wa gauni. "Sijui."

"Basi utamalizia huko mbele. Washa gari."