Mfuko Usiotakiwa Kutulia

"Baba Janice, nani alikuambia uweke kwa barafu?"

Gerishon alibaki ameshika kifuniko cha kasha lake la nyama. Asubuhi ile alikuwa amelisugua kwa sabuni na maji moto, akalijaza barafu, akaulaza ndani yake ule mfuko wa majimaji ya manjano kama anayelaza mtoto. Kule benki ya damu walimweleza namna ya kuubeba. Yeye aliitikia tu, mawazo yako hapa Parklands kwa binti yake aliyelazwa hospitalini. Kuuliza si ujinga, lakini nani angemfundisha mchoma nyama wa Kenyatta Market kutunza kitu kilichotoka mwilini?

"Sista, bila barafu si ingeharibika?"

Sista Peres hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alimweleza kwamba damu nyekundu ndiyo hupenda baridi. Hizi ni chembe za kugandisha damu. Huzaliwa ndani ya uboho, zikimeguka vipande vipande kutoka kwa seli kubwa, na mshipa ukipasuka hukimbilia hapo, zikashikana na kuziba. Zikipigwa na baridi, hazifai tena. Zikiachwa zitulie, zinakufa. Na uboho wa Janice, tangu saratani iuingie, haukuwa ukizitengeneza za kutosha.

Uboho! Miaka yote hiyo Gerishon alikuwa akivunja mifupa ya supu bila kujua kazi iliyokuwa ikifanyika humo. Alimtazama binti yake kitandani. Pamba kwenye fizi zake ilikuwa imelowa damu tena.

Peres alipiga simu benki ya damu. Ulikuwa umebaki mfuko mmoja tu wa kumfaa Janice, na mwingine haungepatikana hadi kesho kutwa. Gerishon hakungoja lifti.

Safari hii, kule benki ya damu, alisikiliza neno kwa neno. Wakati wa kurudi, teksi ilipokwama kwenye msongamano karibu na Museum Hill, alishuka akashika njia kwa miguu, mfuko mikononi, akiutikisa polepole huku na huku. Watu walimpisha wakidhani ana wazimu. Jua lilimchoma utosini, na kila akikanyaga aliogopa kujikwaa.

"Usinitulie," aliuambia mfuko. "Usinitulie hata kidogo."

Peres aliupokea, akaukagua dhidi ya mwanga, akautundika. Majimaji ya manjano yakaanza kushuka tone kwa tone. Kisha akaiondoa ile pamba iliyolowa, akaweka nyeupe.

"Keti sasa, Baba Janice. Kazi yako umemaliza."

Akaketi. Lakini mikono ilikataa kutulia. Iliendelea kwenda huku na huku juu ya mapaja yake. Janice aliitazama kwa muda, kisha akautoa mkono wake chini ya shuka na kuuweka katikati ya ile ya baba yake. Gerishon akauchukua, akaendelea kuutikisa polepole, macho yake kwenye pamba.