Mkate wa Moto

Jumamosi mchana mwokaji alikuwa jikoni akikanda unga wa mkate wa Meza ya Bwana. Unga, maji, chumvi kidogo na mafuta, hamira hakuna. Aliusukuma ukawa duara jembamba, akautoboatoboa kwa uma usije ukavimba, akageuka kutafuta kiberiti cha kuwashia jiko. Binti yake wa mwisho, mwenye miaka tisa, ambaye nyumbani walimwita Kitindamimba, aliingia akapiga meza kwa viganja viwili. Mkate ukaiva palepale kwenye ubao. Uliiva vizuri, kahawia pande zote, bila kuungua.

Mama yake alimwambia asipige meza, akaufunika mkate kwa kitambaa na kusukuma mwingine.

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu dada yake atengwe na kanisa, maji yalikuwa yakichemka Kitindamimba akipita karibu na ndoo, na shuka zake zilinuka kama zimetoka kupigwa pasi. Mwokaji alilelewa kwamba mtoto wa Kikristo hakasiriki, akikasirika, anaombewa. Basi aliombewa. Akina mama wa ushirika walikuja, wakamwekea mikono kichwani, wakaiondoa upesi, wakaendelea kumkemea pepo kwa mbali. Mmoja aliulizia majani ya chai, kwa kuwa maji yalikuwa tayari.

Hakuna aliyemwuliza mtoto ana hasira ya nini. Walijua wote, ndiyo maana hawakuuliza.

Dada yake alikuwa mwanamke mzima mwenye cherehani yake, na kwenye kwaya aliimba sauti ya kwanza. Mwalimu wa kwaya alimwahidi ndoa. Alikula katika nyumba hii mara nyingi, na akimaliza alimshukuru mwokaji kwa kumwita mama mkwe. Mimba ilipoonekana, wazee wa kanisa walikaa kikao. Dada akasimamishwa mbele ya ushirika, akatubu kwa sauti iliyofika mpaka nje, kisha akatengwa: asiiguse Meza, asiimbe, akae benchi la nyuma karibu na mlango mpaka wazee waridhike. Mtoto amezaliwa, ana masikio ya mwalimu wa kwaya yote mawili, na wazee hawajaridhika. Mwalimu mwenyewe hakusimamishwa popote ila mbele ya kwaya. Kila Jumapili ya Meza alikula kwa macho makavu, akafuta midomo, akaenda kuimbisha watu wimbo wa neema.

Sasa Kitindamimba aliukamata mkate wa pili ukiwa mbichi. Ukaiva mkononi mwake, akaubamiza ukutani.

"Unamwokea yeye," alisema. "Dada anakaa nyuma, na wewe unamwokea yeye. Nakuchukia. Na Yesu naye namchukia, kama anakula na mtu yule."

Mwokaji aliinua mkono. Maneno ya kukemea alikuwa nayo tayari, na kofi pia. Lakini mkono ukiwa juu aliisikia kifuani mwake hasira ileile, yake mwenyewe, aliyoifunika miezi mingi na kuiita uvumilivu. Aliona aibu. Akapiga magoti, ila safari hii hakuomba. Alitaka wawe kimo kimoja. Akamkumbatia mtoto. Gauni likaungua, ngozi ikafuata, naye hakumwachia. Kitindamimba alimpiga mabegani na kila pigo liliacha alama ya kiganja, mpaka akachoka, akalia. Machozi yalikauka kabla ya kufika kidevuni.

Mwokaji alimwambia kwamba ana haki ya kukasirika, na kwamba yeye mama yake alichelewa kukasirika pamoja naye. Halafu akajipaka dawa ya kuungua, akabadili gauni, akaenda kwa mkuu wa wazee wa kanisa.

Mzee huyo aliuza viatu. Alimpa kiti dukani, akaendelea kupiga rangi kiatu huku akimsikiliza. Mwokaji alitaka jambo moja: ama wote wawili wakae benchi la nyuma, ama wote wawili waende Mezani. Mzee alisema anayajua maumivu ya mzazi. Ila kutengwa, alieleza, ni kwa aliyekiri dhambi yake; mwalimu wa kwaya hajakiri kitu, na asiyekiri kanisa halina pa kumshikia. Tena mashindano ya kwaya yamekaribia.

"Kwa hiyo binti yangu angenyamaza, leo angekuwa anakula," mwokaji alisema.

"Mama, usiyaweke hivyo."

"Niyaweke vipi, Mzee?"

Mzee alikitazama kiatu. Kisha akasema habari za yule mdogo zimewafikia, wanamshukuru Mungu kwa kipawa hicho. Umeme kanisani ni ghali; je, anaweza kuwahi Jumapili awachemshie maji ya chai?

Jumapili mkate ulifika Mezani ukiwa bado wa moto. Ulikuwa umekaa usiku kucha kwenye kitambaa na haukupoa hata kidogo. Mchungaji aliumega kwa leso. Watu walipokea vipande, wakavirusharusha mkono huu na huu, wakavipuliza, wakala. Mwalimu wa kwaya alikipuliza chake kwa pumzi ndefu ya mtu aliyezoea kuimba, akakila chote, akarudi kusimama mbele ya wenzake.

Zamu ya safu ya mwokaji ilipofika, alitoka, lakini hakuelekea Mezani. Alishuka mpaka benchi la nyuma, akaketi katikati ya binti zake. Mkubwa alikuwa akinyonyesha, ameinamisha kichwa. Mdogo alikuwa amekunja ngumi, na vanishi ya benchi ilikuwa imeanza kutoa mapovu chini yake. Mwokaji akampakata.

"Bado nina hasira," Kitindamimba alinong'ona.

"Kuwa nayo, mwanangu. Nimekushika."

Gauni la mwokaji lilianza kutoa moshi. Mhudumu wa mlangoni aliuona, akaja akafungua dirisha, akarudi mahali pake. Mwalimu wa kwaya akainua mikono, na wimbo ukaanza.