Pacha Aliyeacha Ziwa

Ijumaa moja ya Rajabu, mwaka 1998, Bibi Khole alikuwa uani kwake mjini Ibra akisugua masinia kwa ndimu na majivu. Akasugua pia sarafu ya shaba ya Warumi aliyoachiwa na marehemu mumewe. Upande mmoja ina mwanamke aliyevaa kofia ya vita. Upande wa pili mbwamwitu jike ananyonyesha watoto pacha. Siku ile pacha mmoja alikuwa amesimama, kaacha ziwa, kampa mbwamwitu mgongo. Bibi Khole akasugua tena. Mtoto hakurudi.

Binti yake, Shurooq, akaleta kisahani cha kukingia maziwa, maana ziwa lililoachwa lilikuwa likivuja.

"Mama, huyu hanyonyi."

"Keshashiba," alisema Bibi Khole.

Miaka miwili nyuma Yaqoob alimposa Shurooq. Mwalimu wa skuli, kijana wa heshima, ila wazee wake walitoka Bujumbura, na Bibi Khole, mtu wa Unguja, hakutaka. Alikwenda kwa kadhi akasema alimnyonyesha Yaqoob uchangani, basi hao ni ndugu wa ziwa, hawaoani. Mamake Yaqoob alikuwa keshakufa. Hapakuwa na wa kukanusha. Kadhi alimuuliza mara mbili, naye akajibu mara mbili. Kumbe hakumnyonyesha hata tone.

Tangu hapo Yaqoob huja kila Ijumaa baada ya sala, humwamkia shikamoo, humbusu mkono. Shurooq hukaa naye kichwa wazi, kwani mbele ya kaka mtu hajifuniki. Bibi Khole huingia ndani akasali rakaa mbili za toba, akitoka huzikuta nywele za Shurooq ziko wazi vile vile.

Ijumaa ile Yaqoob aliitazama sarafu.

"Labda kakatazwa," alisema, akanywa kahawa yake.

Kisha akaeleza kwamba amepata mchumba mji wa Sur, na angependa Bibi Khole, mama yake wa ziwa, ndiye aende kumposea. Shurooq aliuliza msichana anaitwaje. Akaambiwa Manar. Akasema jina zuri, akaenda kumpa paka maziwa ya kisahani.

Bibi Khole alifungua kinywa. Maneno ya kukiri uongo wake alikuwa nayo, kayapanga tangu mfungo mosi. Yaqoob akangoja.

"Niletee abaya yangu nyeusi ile mpya," alimwambia Shurooq.

Sur walipokewa vizuri. Mamake Manar aliuliza, kwa adabu, Bibi Khole ni nani kwa kijana.

"Mie mamake. Kanyonya kwangu."

Mwenyeji akamsogezea mto aegemee, akasema mama wa ziwa ana haki zake, Mwenyezi Mungu amlipe.