Tamko Lililotakata

Yapo mashirika yanayojulikana kwa magari yake makubwa, na yapo yanayojulikana kwa fulana. Shirika la kutetea wanawake walionusurika vipigo majumbani, alikofanya kazi Msemaji, lilijulikana kwa matamko yake. Angalau ndivyo alivyoamini Msemaji, ambaye ndiye aliyeyaandika, na ndiye pekee aliyewahi kuyasoma mara ya pili.

Alikuwa mwanamume mwenye tai tatu na sauti moja nzito, aliyoipata kwenye mijadala ya shuleni na hakuirudisha. Wafanyakazi wenzake walimheshimu. Dada yake, fundi cherehani, alimwita Bwana Tamko, na kila alipomwita hivyo alicheka.

Katika shirika lile hakuna neno lililotoka nje bila kuoshwa. Kuosha: ndivyo walivyoita wenyewe. Zamani, kabla ya Msemaji kuajiriwa, taarifa moja ya harakaharaka ilitaja soko lililo jirani na nyumba ya hifadhi. Mwanamume mmoja akaja kusimama getini kutwa nzima, akiita jina la mkewe kwa upole wa kutisha. Tangu hapo kila taarifa ilipitishwa mezani. Mwanasheria aliondoa maneno yanayoweza kuwapeleka mahakamani. Mshauri, anayewapokea wanawake wanapofika, aliondoa yanayoweza kutonesha vidonda. Mkurugenzi aliondoa yanayoweza kuwakimbiza wafadhili. Yaliyobaki alipewa Msemaji ayapige pasi.

Basi, wiki moja, kituo cha runinga kikatangaza tamthilia mpya iitwayo *Mlango Wazi*, habari za nyumba ya hifadhi ya wanawake. Mlinzi wa nyumba hiyo, jitu jema linalosimama mlangoni na kuwarudisha nyuma waume wabaya, angeigizwa na mwigizaji maarufu mwenye mabega mapana na tabasamu la kuuzia dawa ya meno. Tabasamu walilijua wengi. Waliosahaulika ni majaji: mahakama ilishamtia hatiani kwa kumvunja mkewe taya, akapewa kifungo cha nje, akarudi kwenye runinga kabla taya halijaunga.

Mke huyo alikuwa dada yake Msemaji.

Alifika ofisini asubuhi iliyofuata, futi ya kupimia bado imemning'inia shingoni. Ofisi ya Msemaji zamani ilikuwa chumba cha watoto, na sungura waliochorwa ukutani walimkodolea macho kila alipoandika neno "aidha".

"Umeona?" akauliza Dada, bila salamu.

"Nimeona, Dada. Tunalifanyia kazi."

"Mnalifanyia kazi gani? Fisi kapewa bucha alinde. Hapo kuna kazi?"

Msemaji akachukua kalamu upesi akaandika: *fisi, bucha*. Lilikuwa neno zuri sana. Alijutia kidogo kwamba si yeye aliyelisema.

"Acha kuandika, nisikilize. Yule mtu hanisumbui tena. Aigize hata malaika, ashonewe na mabawa, mimi mwenyewe nitamshonea. Anayenisumbua ni mwanangu."

Mtoto alikuwa bado ananyonya siku taya lilipovunjika. Sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alimjua baba yake kwa njia mbili: kwa runinga, na kwa maneno ya mama.

"Jana kaniuliza, 'Mama, kama baba ni mtu wa kupiga, mbona wamemchagua alinde wanawake? Wakubwa wote wale hawajui?' Nikamwambia wanajua. Akaniambia, 'Basi mbona hakuna anayesema?'" Dada aliivuta futi shingoni akaizungusha mkononi. "Ameanza kunitazama kama mtu aliyemdanganya. Unanielewa, mdogo wangu? Mwanangu mwenyewe."

"Tutasema, Dada."

"Semeni alinipiga. Semeni mahakama iliona hivyo. Semeni hamtaki. Na jina langu litajeni, nimeruhusu. Mambo matatu tu. Hata wewe huwezi kuyaharibu."

Hapo Dada alikosea. Hakujua ukubwa wa kipaji cha mdogo wake.

Meza ya kuoshea ilikuwa ya kulia chakula, ya mviringo, yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha boksi. Msemaji akasoma rasimu yake kwa sauti ile nzito: *Kumpa mtu aliyempiga mkewe kazi ya kuigiza mlinzi wa wanawake ni kumkabidhi fisi bucha.*

Mwanasheria akafungua kalamu yake.

"Fisi ni nani?" akauliza Mwanasheria.

"Ni yeye."

"Anaweza kujitambua."

"Ndiyo nia yenyewe."

"Basi atoke."

"Na hilo bucha," akasema Mshauri taratibu, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, "lina damu, lina visu. Tuna wanawake humu ambao jikoni tu hawaingii. Mimi ningeomba tulifikirie bucha."

"Wafadhili wetu wawili hawali nyama," akaongeza Mkurugenzi.

Bucha likaenda, fisi akalifuata. Neno "aliyempiga" likabadilishwa kuwa "mwenye historia". Baadaye "historia" ikaonekana inaelekeza kidole, ikawa "safari". Jina la Dada liliondolewa haraka kuliko yote. Mwanasheria alisema ameruhusu leo, je kesho? Mshauri alisema mtu akiwa na hasira huruhusu mengi. Wakamgeukia Msemaji.

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Hata sungura wa ukutani kule ofisini wangesema. Lakini Msemaji alikuwa ndugu wa mhusika, na aliogopa kuonekana anaegemea upande wa ndugu. Tena, ukweli usemwe, sentensi bila jina ilikuwa inatiririka vizuri zaidi.

"Naafiki," akasema, akapiga pasi.

Kufikia adhuhuri tamko lilikuwa tayari:

*Shirika letu limepokea kwa uzito uteuzi wa mhusika katika nafasi ya ulinzi. Tunatambua kwamba ulinzi ni jambo jema, na kwamba kila mwanadamu ana safari yake. Tunawatakia watazamaji wote amani majumbani.*

Sentensi tatu. Dada aliomba mambo matatu. Msemaji akahesabu akaridhika.

Jioni alikwenda kwa Dada kutazama taarifa ya habari, amevaa tai aliyoitunza kwa matukio ya kihistoria. Sebule ya Dada ndiyo iliyokuwa karakana yake pia: gauni la bibi harusi lisilo na mikono lilisimama pembeni kama mgeni aliyesahauliwa kupewa kiti, na mtoto alikuwa sakafuni, katikati ya vipande vya kitambaa, akifanya hesabu za shule.

"Mjomba, leo utasomwa?"

"Leo nitasomwa."

"Watasema?"

"Wewe sikiliza tu."

Wakasikiliza. Msomaji wa habari, mwenye uso usio na doa wala shaka, akasema: "Shirika linalotetea wanawake limeukaribisha uteuzi huo, likisema kwamba ulinzi ni jambo jema." Kisha akageuka kando, na hapo kando aliketi mwigizaji mwenyewe, mkono kifuani.

"Nimeguswa," akasema mwigizaji. "Hawa ndio wanaojua mambo haya kuliko sisi sote, na wameona mtu anaweza kubadilika. Namshukuru hasa shemeji yangu, msemaji wao. Damu nzito kuliko maji."

Msemaji akaivua ile tai ya matukio ya kihistoria, akaitia mfukoni.

Mtoto aligeuka akiwa bado na penseli mkononi. "Kwa hiyo baba ni mzuri? Mmesema nyinyi."

"Hapana, tamko halikusema hivyo moja kwa moja."

"Limesemaje?"

"Limetambua."

"Limetambua nini?"

Msemaji akamtazama dada yake kumwomba msaada. Dada alikuwa anakata uzi kwa meno.

"Endelea, Bwana Tamko," akasema. "Mwenzio kakuuliza." Safari hii hakucheka.

Mtoto akamtazama mama yake. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama anavyotazama jibu la hesabu ambalo kitabu kinasema ni kosa. Akarudi kwenye daftari. Dada akakanyaga cherehani, na cherehani ikapiga kelele kuliko ilivyohitajika kwa pindo dogo kama lile. Msemaji aliaga chai ikiwa bado jikoni.

Asubuhi simu za shirika zililia mpaka moja ikafa yenyewe. Meza ikaitishwa iandike masahihisho. Mtu mwingine angedhani watu walioungua jana wangekaa mbali na jiko, lakini hao hawakuwa watu wengine. Waliosha masahihisho kwa bidii maradufu, kwa sababu sasa walikuwa na hofu, na hofu ina sabuni nyingi. Mkurugenzi akamkabidhi Msemaji karatasi.

"Wanakutaka kwenye kipindi cha asubuhi. Moja kwa moja, na watazamaji wanapiga simu. Soma hivi hivi ilivyo, usiongeze hata pumzi."

"Siongezi," akasema Msemaji, na alikuwa mkweli.

Studioni walimpaka poda mpaka akafanana na andazi lililosahauliwa kwenye unga. Mtangazaji wa kipindi, kijana mchangamfu anayecheka kabla ya mzaha wake mwenyewe, akamkaribisha, naye akasoma:

"Tamko letu la awali halikukusudia kutotambua kwamba utambuzi wowote uliojitokeza haukuwa, kwa namna yoyote, wa kutotambua."

Mtangazaji alisubiri, akidhani kuna sehemu ya pili.

"Kwa hiyo, kaka, mnamuunga mkono au hamumuungi?"

"Tunaunga mkono mchakato."

"Mchakato upi?"

"Huu," akasema Msemaji, jasho likichora barabara kwenye poda, "unaoendelea kuchakatwa."

"Haya, tuna simu," akasema Mtangazaji kwa shukrani. "Karibu, mama. Unatupigia kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye cherehani yangu," ikasema sauti ambayo Msemaji aliijua tangu kabla hajajua kutembea. "Mimi ni fundi. Zamani nilikuwa mke wa huyo mlinzi wenu wa kuigiza."

Kicheko cha Mtangazaji, kilichokuwa njiani kutoka, kikageuza.

"Sina mengi. Nina swali moja kwa Bwana Msemaji, na kuna mtoto hapa kapandisha sauti ya runinga mpaka mwisho. Alinipiga, au hakunipiga?"

Msemaji akatazama karatasi. Alilitafuta jibu juu, akalitafuta chini, akaigeuza nyuma. Ilikuwa na "utambuzi" tele, lakini neno alilolihitaji halikuwamo. Lilitolewa jana yeye akiwa ameketi pale mezani, ameafiki.

"Dada," akaanza, "kuna kanuni za faragha ambazo..."

"Faragha ya nani? Yangu? Basi nimeifungua mwenyewe, nimesimama mlangoni, ingia. Alinipiga, au hakunipiga?"

Sauti nzito ya mijadala ilimtoroka Msemaji palepale. Iliyobaki ilikuwa nyembamba, ya mtoto wa mwisho kuzaliwa, aliyefundishwa kufunga kamba za viatu na huyu huyu aliyekuwa kwenye simu.

"Alikupiga."

"Sikusikia."

"Alikupiga. Alikuvunja taya. Mahakama ilisikiliza ikaona ni kweli. Nilikuja hospitali nikakukuta unakunywa maziwa kwa mrija, na mtoto analia kwa sababu huwezi kumbusu." Mtangazaji alikuwa anafanya ishara fulani kwa mkono, ya kukata. Msemaji hakuielewa, au aliielewa. "Hukumdanganya mtu yeyote, Dada. Watu wazima tunajua. Tulinyamaza tu."

"Na shirika lako?"

"Halimtaki pale mlangoni. Hata kwa kuigiza. Na lile tamko la jana lilikuwa la ovyo, na nililiandika mimi."

Kwa mbali, nyuma ya vioo, mtu mmoja aliyevaa vifaa vya masikioni alikuwa amesimama juu ya kiti. Mtangazaji akagusa kidude cha sikioni mwake, akasikiliza, akapauka.

"Asante sana, mama, sasa tunakwenda kwenye matangazo ya biash..."

"Ngoja kidogo," akasema Dada, kwa sauti inayosimamisha hata wateja wanaotaka nguo zao leo leo. "Kuna mwingine anataka."

Simu ikakwaruza, ikabadilisha mikono.

"Mjomba?"

"Naam."

"Mbona jana hukusema?"

Majibu yalimjia kwa mafungu, yote yamenyooshwa, yote yana "aidha". Akayaacha yapite.

"Nilitaka niandike vizuri," akasema.

Mtoto akalipima jibu hilo kwa muda ambao runinga haimpi mtu.

"Haikuwa vizuri."

"Hata kidogo."

Kisha simu iliwekwa kando, lakini haikukatwa, na nchi nzima iliyokuwa ikinywa chai ikasikia nyayo ndogo zikipita sakafuni, cherehani ikinyamaza, na sauti ya mtoto ikisema, "Mama, pole." Ya mama haikusikika. Ilisikika ile futi ya kupimia, au kitu chepesi kama hicho, ikianguka.

Studioni hakuna aliyerusha tangazo. Yule wa juu ya kiti alikuwa ameketi.

Baada ya kitambo nyayo zikarudi.

"Mjomba, bado upo?"

"Nipo."

"Mama anauliza, utakuja kula au una kikao?"

Alikuwa na kikao, tena si kidogo. Kule ofisini, Mwanasheria bila shaka alikuwa tayari amevaa miwani yake ya misiba.

"Nitakuja kula," akasema.

"Basi pitia mkate."

"Mweupe au wa kahawia?" akauliza Msemaji, hewani, mbele ya taifa zima, poda ikimdondoka kwenye koti.

"Wowote," akasema mtoto. "Ila usichelewe."