Mistari ya Njano

Kwenye skrini ya Mama Pacha, kila aliyepita makutano aligeuka mstari: magari mekundu, baiskeli za bluu, waenda kwa miguu wa njano. Kamera ilikuwa juu ya nguzo. Kazi ya Mama Pacha ilikuwa kuhakikisha kompyuta haijamfuata mbwa ikadhani ni mtu.

Saa moja na dakika kumi asubuhi wanawe wawili walivuka kwenda shule, wameshikana mikono. Mmoja alikuwa amegongwa pale pale mwezi wa tatu, akafa, akazikwa. Lori la mchanga lilimpita huyo katikati ya mwili bila kupunguza mwendo. Mama Pacha aliona kola yake imekunjamana, akaudhika.

Nyuma yao walivuka marehemu wengine, fundi cherehani, muuza magazeti, mzee wa magongo. Jumla kumi na tisa, na hawakukosa hata siku moja.

Taa za kuongozea magari huwekwa panapovuka watu mia tatu kwa saa. Walio hai walikuwa mia mbili themanini na nane. Akawaingiza wote kwenye hesabu, walio hai na marehemu.

“Mia tatu na saba, bosi,” alimwambia mhandisi. “Tuweke taa. Huyu wangu aliyebaki anavuka hapo kila siku.”

“Hawa kumi na tisa si marehemu?”

“Ni marehemu. Kwani hawavuki?”

“Wanavuka, dada, sijakataa. Umefanya vizuri.” Mhandisi akavuta kikokotoo. “Ila tazama. Wiki hii wamepitiwa na magari mara mia nne na hakuna aliyechubuka. Kiwango cha majeruhi kimeporomoka. Hapa ni salama kabisa.”

“Wataumiaje, na wameshakufa?”

“Fomu haina pa kuandika hilo.”

Akagonga muhuri. Taa zikapelekwa makutano mengine, ambako hajawahi kufa mtu.

Jioni Mama Pacha alimketisha mwanawe jikoni.

“Sikiliza. Usimfuate mwenzako barabarani. Yeye haangalii magari.”

“Ananivuta, mama. Anasema mimi mwoga.”

“Mwachie mkono.”

“Nikimwachia analia.”

“Mwache alie.”

Asubuhi alikaa mbele ya skrini na kalamu yake. Saa moja na dakika kumi mistari miwili ya njano ilishuka barabarani, imebanana, bila kusimama ukingoni.