Koti Jeusi la Baba na Paka Makaa

Picha ya paka wetu ilifika Mbeya wiki tatu baada ya kumzika baba. Mama alifungua bahasha, akatazama, akaitupa chini kama aliyeshika kaa la moto.

Niliiokota. Paka alikuwa mweupe.

Makaa, paka wa baba, ni mweusi kuanzia pua hadi mkia. Pichani alikuwa na rangi ya majivu, macho yake mashimo mawili. Migomba nyuma yake ilikuwa kama imemwagiwa unga. Na koti jeusi la baba, ambalo tulimzika nalo, lilikuwa jeupe kama sanda. Baba alikuwa amempakata paka, lakini uso wake haukuwamo. "Mpige picha paka," baba alikuwa amemwambia kaka Andendekisye, aliyekuja likizo na kamera ya kazini, Juni ile ya 1974. "Sura yangu itaharibu kamera ya serikali." Tulicheka. Hatukuwa na picha yake nyingine.

Shangazi Ikupa alitazama, mdomo wazi.

"Wifi, paka huyu alimvika kaka yangu sanda angali hai! Leteni gunia. Leo leo analala mtoni."

Gunia likaletwa. Nilimkumbatia Makaa kifuani. Ndipo nikaona barua ya kaka ndani ya bahasha, nikaisoma kwa sauti:

"Filamu hii ni ya infraredi, tunayopigia picha misitu tukiwa kwenye ndege huku Iringa. Inashika mwanga ambao jicho haliuoni. Majani mabichi hutoka meupe, na nguo nyingine nyeusi pia, hata manyoya. Nisameheni, nilisahau kuwaambia."

"Maneno ya waliosoma," shangazi alisema, akinyoosha mkono kumchukua paka.

Mama aliichukua picha tena. Aliitazama muda mrefu.

"Mbona hata migomba imevaa sanda, wifi? Anza na hiyo. Ifyeke yote, halafu uniambie tutakula nini."

Shangazi aliguna, kisha kicheko kikamponyoka, cha kwanza tangu msiba. Akalikalia gunia.

"Mpe huyo maziwa," mama aliniambia, "kabla shangazi yako hajabadili mawazo."

Lakini sikuondoka. Nilikuwa nimeona mikono ya baba juu ya mgongo wa paka. Mishipa ya damu ilijichora wazi, myeusi, mingi, ambayo sikuwahi kuiona alipokuwa hai.

Mama naye aliiona. Aliufuata mmoja kwa kidole, polepole, mpaka ulipopotea ndani ya manyoya.