Mpanda Farasi Aliyezikwa Mwanzoni

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigonga jikoni kabla hakujapambazuka, na Bibi akajua kaka yake hajapata usingizi. Asubuhi hiyo alikuwa apelekwe hospitali kupasuliwa tumbo.

Alimkuta sebuleni, kikombe mkononi. Watu walimwita Fundi Taa, maana maisha yake yote aliendesha mashine ya sinema. Mjukuu wao wa kike alikuwa amemtafutia filamu yake ya zamani ya mpanda farasi, apate kujiliwaza, wakaitazama wote watatu. Mpanda farasi akaingia katika mji wa vumbi, akapigana na wabaya, akapigwa risasi, akazikwa. Mwisho.

Fundi Taa akakunja uso. "Mke wangu," akamwambia mjukuu, "umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Huyu anazikwa kwanza, halafu anarudi."

Bibi naye alikumbuka hivyo hivyo. Maiti alipotokea vumbini juu ya farasi, ukumbi mzima ulisimama. Watu waliiona mara kumi na bado wakapanga foleni.

Mjukuu akauliza kwa adabu kama labda vifuniko vya makopo ya filamu vilibadilishana huko vilikotoka, sehemu ya pili ikatangulia. Babu yake akajibu kwamba yeye alifuata yaliyoandikwa kwenye vifuniko. Kisha chai ya kikombe chake ikaanza kumwagika kwenye kisahani.

Kichwa kilimzunguka Bibi. Mji mzima, miaka yote ile, walishangilia kitu gani? Na huyu mpanda farasi, alikufa au alirudi? Hakujua. Alichokiona ni ile chai iliyomwagika.

"Mjukuu wangu, ianzishe pale anapopigwa risasi," akasema. "Ikiisha, rudi mwanzo."

Binti hakubisha. Wakamzika mpanda farasi, kisha huyo akatokea vumbini, kofia imemfunika macho. Fundi Taa akacheka chinichini, akaomba viatu vyake.

Hospitalini, muuguzi alimshika Fundi Taa mkono polepole kama anayemshika baba yake. Mjukuu akamnong'oneza Bibi, akitaka kujua basi filamu ya kweli ni ipi. Bibi akasema hata yeye hajui, akamwambia asizidi kumchanganya kichwa.

Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, Fundi Taa akageuka.

"Kesho mje tena kuniona," akasema. "Wote wawili. Msichelewe."